Risasi Iliyokosa

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: kijana mtunzi wa hadithi za vita vya anga za juu, na mama fundi cherehani aliyejiponza kwa kumuuliza anaandika nini.

"Nimefuta milio yote," kijana alisema. "Kule hakuna hewa, kwa hiyo bomu halisikiki." Mama akauliza, "Sasa mtu atajuaje amepigwa?" "Atakufa, mama." Hilo lilieleweka. "Na risasi ikikosa?" "Inaendelea tu, hakuna cha kuizuia. Hata vita vikiisha."

"Wewe! Si wameshapatana?" "Wamepatana, lakini risasi haijui." "Basi waiambie!" Mpaka hapo nilikuwa upande wa sayansi. Sasa sikujua niko upande gani.

"Itampata nani?" mama akauliza taratibu. "Yeyote. Labda mtu ambaye bado hajazaliwa."

Treni ikafunga breki kwenye kituo cha njiani, sote tukayumba. "Huyo kosa lake nini, mwanangu?" Mlango ukafunguka, na kijana, aliyekuwa amesema anakwenda mwisho wa reli, akashuka.