Bustani ya Mudaka na Muujiza Ambao Haukuwepo

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa, nanyi mnivumilie kidogo! Mimi ni Maman Faida wa Mudaka. Wengi mnanijua kwa mboga. Leo nataka mjue mboga zile zilinifikisha wapi.

Nilikuwa na bustani ndogo kando ya kijito: lengalenga, yaani mchicha, shu ambazo wengine huziita kabichi, karoti, na pwaro za majani marefu kama kitunguu. Nyumba kumi na moja za hapa mjini Ibanda zilipatana nami kabla sijapanda. Wao walinipa mbegu, mbolea na pesa kidogo mwanzoni mwa msimu. Mimi kila Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya wote ya asubuhi, niliwateremshia vitunga vya mboga, kila nyumba na chake. Mvua ikinyesha vizuri, vitunga vinajaa. Ikikosekana, tunapungukiwa sote. Ndivyo tulivyopatana, na mimi ndiye niliyelitamka neno hilo kwa kinywa changu. Lakini nilikuwa na kiburi, ndugu zangu! Nilipenda mno kusikia watu wakisema kwamba vitunga vya Maman Faida havina mchezo.

Mwaka ule mvua ya Septemba haikuja. Oktoba nayo ikapita kavu. Kijito kikageuka matope, lengalenga ikanyauka, shu zikakataa kufunga. Ilinipasa nije Ibanda niseme tu: jamani, hakuna kitu. Sikusema. Niliuza mbuzi wangu, nikapitia soko la Nyawera mapema, nikanunua mboga za watu wa mabondeni. Nikayafungua mafungu yao, nikayafunga upya kwa kamba za mgomba kama ninavyofunga yangu. Karoti zao zilikuwa zimeoshwa, nikazipaka udongo wa Mudaka. Mtu mzima, nimebatizwa, nakaa chini kupaka karoti udongo!

Nilifanya hivyo Jumamosi tano.

Ndipo Jumapili moja Maman Nabintu, mke wa mwalimu, yule aliyezikusanya zile nyumba kumi na moja, akasimama hapa hapa kutoa shukrani. Akasema, "Bapendwa, kote kumekauka, lakini Mungu iko ananyeshea bustani ya Maman Faida! Jumamosi tupande Mudaka bote, tuone ile kazi ya Mungu na macho yetu!"

Kanisa zima likapiga vigelegele. Mimi tayari nilikuwa nimeanza kutunga uongo mwingine: nitasema mbuzi wa jirani waliingia Ijumaa wakamaliza kila kitu. Kisha nikamtazama Maman Nabintu. Alikuwa ameinua mikono, analia kwa furaha, anamshukuru Mungu kwa jambo ambalo Mungu hakulifanya. Na aliyemdanganya ni mimi. Ndugu zangu, niliogopa! Niliogopa kuliko nilivyouogopa ukame. Nikasimama, nikasema bustani imekufa, mboga zile zilitoka Nyawera.

Maman Nabintu alikaa polepole, akainamisha kichwa. Papa Kiza, muzee wa kanisa, ambaye nyumba yake pia ilikuwa moja ya zile kumi na moja, akaniuliza, "Maman, ile siku tulipatana, tulisema nini?"

Nikajibu, "Kama iko kidogo, tutakula kidogo bote."

"Sasa uliona siye ni batu ba kukula tu wakati iko mingi?"

Swali lile liliniuma kuliko tusi. Kweli nilikuwa nimewaona hivyo.

Jumamosi, baada ya salongo, walipanda Mudaka. Hawakuja kutazama muujiza. Walikuja na bidon, madumu ya maji. Chemchemi iko mbali juu ya kilima, basi wakajipanga mstari, bidon ikatoka mkono huu kwenda mkono ule, walimu, makarani na wake zao, mpaka kwenye mashina machache ya shu na karoti yaliyokuwa bado na uhai. Wakarudi Jumamosi iliyofuata. Maman Nabintu hakuonekana. Jumamosi ya tatu akaja, amebeba bidon mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akaitua mbele yangu.

"Miye sijakusamehe bado, Maman Faida," alisema. "Lakini hii shu haikunikosea."

Akamwagilia mstari mzima.

Mvua haikuja mpaka karibu na Noeli. Tulichovuna kilikuwa shu moja kwa kila nyumba, ndogo kama ngumi, na karoti za kuhesabika. Nilizipeleka mlango kwa mlango, na mlango wa Maman Nabintu niliuacha wa mwisho kwa hofu. Aliipokea shu kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaona mdudu ametoboa.

"Hii njo ya kwako kweli," akasema. "Ingia, tuipike."

Tulikula kwenye sahani moja. Kabla hatujamaliza alinishika mkono, nasi tukalia sote wawili.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu! Nilimwomba mvua, akanitoa kwanza katika uongo, na mvua akaileta kwa wakati wake. Mwaka uliofuata nyumba zile zilirudi zote. Sasa nasema nawe uliyeketi hapa, ambaye kwako kumekauka na bado unatabasamu mlangoni. Mtumaini Mungu, utuamini na sisi. Simama useme. Tutapanda mpaka kwako.