Fundi Taratibu na Lori Lililopanda Mlima kwa Umeme

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutufariji, kwa niaba ya familia naomba niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fundi Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ilipomkuta njiani na shati jipya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tatu wa mhunzi na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1971 katika injini za dizeli, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa katika karakana ya machimbo ya mawe, asihame tena hadi kustaafu.

Tarehe 9 Septemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa shule ya msingi, wakajaliwa watoto watatu, na wa kwanza, dada yetu, akawa fundi umeme wa karakana ileile.

Mwaka 2016 injini ya lori kongwe lililokuwa likivuta tela la mawe kupanda mlima ilikufa kabisa, uongozi ukaamua likatwe liwe chuma chakavu, na hapo dereva pamoja na wapakiaji wanane wangekosa kazi. Baba aliomba apewe miezi sita alifunge mota ya umeme wa betri, wenzake wakamcheka, wakisema umeme ni wa kuwasha taa, si wa kuvuta tani kumi na mbili. Dada alimwambia, "Baba, tusing'oe giaboksi, mota peke yake itachemka mlimani," lakini baba, aliyeanza kushika spana kabla dada hajazaliwa, alisema mota haina haja ya gia, akaing'oa.

Tarehe 21 Februari 2017, saa nne asubuhi, lori lilifika katikati ya mlima na tela limejaa, mota ikafuka moshi, ikazima, na uzito wa tela ukalirudisha nyuma, breki zikilia, dereva akiwa ndani, hadi tela lilipogonga ukuta wa chumba cha mizani. Dereva alivunjika mkono wa kushoto. Baba aliketi chini pale pale.

Kesho yake alivua kofia mbele ya meneja na wafanyakazi wote, akasema, "Binti yangu aliniambia, nikaziba masikio. Mkono wa mwenzetu umevunjwa na kiburi changu, si umeme; nisameheni. Kuanzia leo binti yangu ndiye mkuu wa kazi hii, mimi nashika spana."

Dada akamjibu, "Basi anza kwa kurudisha giaboksi, baba."

Watu waliangua kicheko, naye akacheka, kisha akalia.

Giaboksi ilirudishwa, mota ikazungushiwa mabomba ya maji ya kuipoza, ikaongezwa injini ndogo ya dizeli ya kuchaji betri njiani, na tela likafungwa breki mpya. Tarehe 5 Septemba 2017 dereva, mkono umeshapona, alikubali kushika usukani kwa sharti kwamba baba akae pembeni yake, baba akapanda, na lori likavuta tani zake kumi na mbili hadi kileleni, wala hakuna aliyepoteza kazi.

Marehemu alistaafu mwaka 2018. Mwezi Juni 2022 alianza kusumbuliwa na mapafu, akalazwa tarehe 11 Novemba 2023, na kila Jumapili dereva yule alikuja wodini kumnyoa ndevu, wakibishana juu ya mpira kama watoto. Alifariki Jumamosi, tarehe 2 Desemba 2023, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia usiku na mchana, majirani mliotupikia na kutulazia wageni, na wafanyakazi wenzake wa machimbo, mliosimamisha kazi leo ili mumsindikize. Msamaha aliouomba hadharani ndio urithi aliotuachia, nasi tutautunza.

Baba, hapa tulipo tutaangaliana. Pumzika sasa, kwa amani.