Radi, Haragwe na Maji ya Mama Mkwe

Bwana asifiwe! Itikieni vizuri, ndugu zangu, maana sikusimama hapa kwa kupenda. Mzee wa kanisa amenifuata mpaka shambani: "Dada, toa ushuhuda wa radi." Haya, nautoa. Lakini mniache niumalize, kwa sababu kila mtu hapa Marungu ameshausimulia, na kila mtu ameukosea.

Mnajua nilipookoka niliacha mambo ya kutasa. Mama mkwe wangu aliposhuka kutoka Mghange kuja kumwona mjukuu wake, Wakesho, alitaka kumtasia kama walivyofanya wazee wetu: ajaze maji kinywani, ayapulize nje, atamke baraka, na kinyongo chote kimtoke moyoni. Nikakataa. Nikasema mtoto ameombewa kanisani, yatosha. Ndugu zangu, mama yule alinuna! Mbuzi akiharibu mimba, "Mimi sikutasa." Mvua ikichelewa, "Mimi sikutasa." Chungu kikipasuka jikoni, ni mimi! Niliomba subira mpaka nikachoka kuiomba.

Kisha siku moja nikichambua maharagwe, Wakesho akatia moja kinywani, akacheka, likampalia. Likakwama kwenye njia ya pumzi. Akawa akivuta hewa unasikia mluzi kifuani. Tukamkimbiza Voi. Dresa wa zahanati akamtazama, akasema hana chombo cha kulitoa, apelekwe Mombasa upesi. Gari la moshi lilikuwa limeshapita. Mume wangu alikuwa fundi kwenye shamba la katani, na mzungu mwenye shamba alikuwa na ndege ndogo iliyokuwa ikienda Mombasa kuchukua vipuri. Akakubali watu wawili na mtoto. Mimi na mume wangu, sivyo? Thubutu! Tulipofika uwanjani mama mkwe alikuwa ameshaketi ndani, kibuyu cha maji mapajani, hatazami mtu.

"Namfuata mjukuu wangu," akasema. "Wewe mkwe, ukitaka, panda."

Nikapanda, nikiwa nimefura.

Tulipoiacha Voi nyuma, mawingu meusi yalikuwa yametanda mbele yetu. Rubani akajaribu kuyazunguka. Ghafla mwanga mweupe ukajaa ndani, ukafuatwa na mlio kama pipa lililopasuka sikioni. Radi ilikuwa imepiga bawa! Ndege ikashuka kwa kishindo. Nikasikia harufu ya kuungua. Rubani alikuwa akigonga dira yake, nayo inazunguka ovyo. Nikalia, "Yesu! Yesu!" Kisha nikamtazama Wakesho. Mluzi ulikuwa umekoma. Hapumui! Nikamtikisa, nikamwita, hakuitika.

Mama mkwe akang'oa kizibo cha kibuyu.

"Mama, si sasa!" nikapiga kelele.

"Sasa ndiyo sasa," akasema. "Mungu, hasira yangu hii hapa, naitoa. Mtoto awe mzima. Na mamake pia awe mzima."

Akajaza kinywa, akayapuliza maji yale ya baridi usoni mwa Wakesho. Mengine yalimwingia rubani shingoni, naye akasema maneno nisiyoweza kuyarudia kanisani. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi, akakohoa, haragwe likaruka likaangukia magotini pangu, limevimba. Kisha akalia! Sijasikia kilio kitamu namna ile tangu nizaliwe. Tukatua Mombasa salama, bawa limetobolewa, na daktari akamsikiliza kifua akasema hana neno.

Basi tungemshukuru Mungu tukanyamaza. Wapi! Mmoja ananiambia ni kishindo cha radi kilichong'oa haragwe. Mwingine ananiuliza radi ile ilitumwa na nani. Shemeji zangu wanasema kutasa kumeshinda kanisa. Na asubuhi hii, pale mlangoni, mzee wetu wa kanisa amenong'ona, "Dada, sema habari ya maombi, ila maji uyaruke."

Ndugu zangu, mmenichosha! Mimi ndiye niliyekuwa mle ndani. Niliomba, naye aliomba. Nilimwita Mungu nimejaa hasira, yeye akamwita akiitoa yake. Aliyemrudishia mwanangu pumzi ni Mungu, na hakuniuliza kwanza apitie kinywa cha nani. Namshukuru! Nawe uliyeketi hapa na mgonjwa nyumbani, umekata tamaa, mwamini Yeye, hata mawinguni anafika. Ila usimchagulie mlango wa kuingilia.

Mama mkwe wangu yuko pale nyuma karibu na mlango, leo ni mara yake ya kwanza humu. Njoo mbele, Mama, usione haya. Wakesho, huyu hapa mgongoni mwangu, amekuwa na homa tangu jana. Mtu amletee bibi yake kikombe cha maji. Na wewe mzee wa kanisa, kama hutaki kuona, fumba macho, si tunaomba?