Mzee Taratibu na Ndege wa Darajani

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili jioni, Mzee Taratibu atashuka kwenye baiskeli ya idara ya wanyamapori kwa mara ya mwisho. Kwa miaka thelathini na mmoja ameongoza misafara ya baiskeli katika njia ya pwani, ile inayopita juu ya tuta kati ya bahari na ardhioevu. Kwa kuwa ni yeye, wageni wa hafla wanaombwa wasifike kabla ya saa kumi na moja.

Njia yenyewe ni rahisi. Ina kilomita kumi na nne, haina magari, na kibao cha langoni kinasema inawafaa wazee, watoto na wanaojifunza. Mlima wake pekee ni daraja la mbao juu ya mkondo, ambalo mtoto wa darasa la pili hulipanda huku anatafuna kitu. Mzee Taratibu aliimaliza njia kwa saa nne. Tumewahi kupitwa na bibi anayetembea kwa miguu, tena alikuwa akisimama kusalimia watu.

Haki yake tusimnyime. Aliajiriwa kuziba pancha, akajifunza ndege mwenyewe kwa kuwatazama, na leo anamtambua yangeyange kwa mwendo tu, kabla hata hujaona rangi yake. Sisi wa Chama cha Ndege cha shule, tunaomsaidia kuhesabu kila Jumamosi, tulijifunza kwake kunyamaza. Mgeni mmoja aliyeshangilia alipoona kundi la heroe aliambiwa, "Mwanangu, hao ndege wana masikio. Na mimi pia ninayo."

Kanuni yake ilikuwa moja. Akiinua mkono wa kushoto, wote tunashuka na kukaa kimya mpaka aushushe. Kwa miaka kumi na miwili mkono huo uliinuka hatua chache kabla ya daraja. "Mdiria kichwa-cheupe," alinong'ona huku anahema, nasi tukayakodolea macho matete kwa dakika ishirini. Hakuna mwingine aliyewahi kumwona ndege huyo adimu. Kisha Mzee alivuka daraja kwa miguu, akisukuma baiskeli, eti asimshtue ndege. Jioni alimwandika kwenye daftari la hesabu. Mpaka mwezi uliopita alikuwa ameandikwa mara mia mbili na kumi na mbili.

Wakubwa wa idara, ambao husoma madaftari lakini hawapandi baiskeli, walifurahi mno. Walijenga palepale kibanda cha kutazamia ndege, chenye paa, matundu ya darubini na benchi pana. Kibanda kinatazama matete matupu. Benchi ni zuri sana, na Mzee ndiye aliyelikalia kuliko wote.

Hatukusema kitu. Tuliuita ukimya huo adabu. Ulikuwa woga.

Aliyesema ni Dada Darubini, msaidizi wake wa miaka tisa na mrithi wake. Kiongozi mpya hutia saini kwamba yaliyomo daftarini ni kweli, na mwezi ujao wakaguzi wanakuja kumtafuta mdiria huyo. Wasipomwona, aliyesaini ndiye atakayejibu. Asiposaini, kazi inakwenda kwa karani wa makao makuu ambaye ndege anayemjua ni kuku.

"Mzee wangu, nakuheshimu," alisema Dada, "lakini siwezi kuwatafutia wakaguzi ndege anayeishi magotini mwako."

"Unaniita mwongo mbele ya watoto?"

"Sijakuita. Nimeuliza yuko wapi."

Wakanuniana wiki mbili, na misafara ikaenda kasi kidogo kwa sababu ya hasira.

Jumamosi iliyopita mkono haukuinuka. Mzee alilivamia daraja akiwa juu ya baiskeli. Katikati ya mwinuko baiskeli ilisimama, ikaanza kurudi nyuma, na Dada akaidaka kwa kulishika tandiko.

"Hakuna ndege hapa," alisema Mzee, jasho likimtoka. "Ni magoti. Nilidhani nikisema mtanirudisha nyumbani."

"Tungekurudisha kwenye benchi tu, Mzee wangu."

Aliketi kibandani na daftari na kalamu nyekundu, akawakata ndege wake mmoja mmoja, kila mmoja kwa tarehe na saini, mpaka saa nane mchana, sisi tukifa njaa kwa heshima. Akamwacha mmoja, wa mwaka wa kwanza. "Huyu nilimwona," alisema. Dada akachukua kalamu akasaini.

Idara imetuandikia barua kuuliza ndege mia mbili na kumi na mmoja wamekwenda wapi. Tumejibu kwamba wamestaafu.

Asante, Mzee wetu, kwa macho uliyotupa na kwa huyo mmoja uliyemwacha. Tunakutakia maisha mema, marefu, na tambarare kote.