Kalla Jatani na Misumari Yenye Majina

Tarehe 30 Juni 1999, Bw. Kalla Jatani anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchanja mifugo, ishirini na mitano kati yake hapa Garsen. Hakuwahi kuchelewa kazini, isipokuwa mwaka wa mafuriko, na mwaka huo hata ofisi yetu ya mifugo ilikuwa majini.

Alianzia Bura mwaka 1968, akizunguka hadi Chewele kwa baiskeli na kisanduku cha barafu mgongoni. Wakati wa kampeni za chanjo ya sotoka, ile tauni ya ng'ombe, hakuna boma aliloliruka. Mabuti yake ya mpira, yaliyojaa viraka vya tyubu ya baiskeli, yalijulikana na ng'ombe wote wa Garsen. Wakiyaona tu, walitawanyika kabla hajafungua kisanduku.

Wengi wenu, hata hivyo, mnamjua kwa makumbusho yake. Yalianza mwaka 1976, Mama Sabdio, mfugaji wa hapa Garsen, alipomkaribisha maziwa katika chombo kilichofumwa kwa mizizi, kwa ustadi ambao hata tone halipenyi. Kalla, Muorma aliyekulia kwenye vyombo hivyo, alikitazama siku hiyo kana kwamba hajawahi kukiona. Akakiomba. Mama Sabdio akampa kwa sharti: "Hii si ya kutazama, hii ya maziwa. Siku nataka, nakuja chukua. Usiniulize."

Sharti hilo likawa sheria ya makumbusho yote. Katika chumba cha mbele cha nyumba yake ya kazi, Kalla alipigilia misumari arobaini na mmoja, na chini ya kila msumari akabandika kadi iliyokatwa kwenye boksi la chanjo, yenye jina la aliyetoa kitu. Mwenyewe akikihitaji, huja akakitungua na kwenda zake.

Mimi nilitoa kafi la babu yangu wa Ngao, ambalo nyumbani lilikuwa karibu kuwa kuni. Novemba 1997 mto ulipofurika nililifuata mbio, nikamvusha mama yangu na mbuzi wawili. Nilipolirudisha lilikuwa limepasuka, nami nimejaa aibu. Kalla alilipokea na kulitundika tena. Juma lililofuata niliona ameongeza mstari kwenye kadi: "Limepasuka Novemba 1997, likimvusha mama yake Elsie." Nililia pale pale, na sioni haya kuandika hivyo.

Mwaka jana alikuja bibi mmoja kutoka Nairobi, mkusanyaji wa kazi za sanaa, pamoja na wageni wawili. Walikuta misumari tisa mitupu, wakadhani pameibwa. Kalla akawaeleza kwamba vitu hivyo viko kazini, kisha akawatembeza kwa miguu hadi nyuma ya soko la ng'ombe, kwa Mama Sabdio, ambaye mjukuu wake alikuwa amejifungua. Chombo kilikuwepo, kimefukizwa moshi, kimejaa maziwa. Wageni walikunywa, na mmoja akaomba tena.

Bibi yule alitaka kununua vitu vyote na kuviweka Nairobi, ndani ya makabati ya kioo. Kalla alimuuliza jambo moja tu: Mama Sabdio akikitaka chombo chake, nani atamfungulia kioo? Naye hakuuza. Alijua fika kwamba akistaafu nyumba itarudishwa serikalini, na vitu arobaini na kimoja vitakosa ukuta. Tangu siku ile alikonda. Tuliomuona kila asubuhi tulijua sababu.

Aliyetuokoa ni Ahmednoor mwenye duka, yule yule aliyezoea kuyaita makumbusho hayo stoo ya takataka, ingawa kila Ijumaa alipita kuiangalia kengele ya ngamia aliyoitoa mwenyewe. Mwezi uliopita alihamisha magunia ya sukari kutoka chumba cha nyuma, akatutangazia: "Kengele ya marehemu mama yangu haiendi popote. Leteni misumari." Tulihamisha kila kitu kwa siku moja, pamoja na kadi zake.

Tulipokuwa tukipanga ndipo tulipogundua kwamba kwa miaka yote hiyo Kalla hakuwahi kutundika kitu chake hata kimoja. Kwa hiyo wafanyakazi tumempokonya mabuti, na hakupigana sana. Tumepigilia msumari wa arobaini na mbili, na chini yake kadi: "Mabuti ya Kalla Jatani. Yametembea kila boma."

Mzee Kalla, asante kwa ng'ombe waliopona na kwa kafi la babu. Sisi sote tunakuombea afya, mvua ya kutosha na mifugo mingi. Sheria unaijua: siku ukiyataka mabuti, njoo uyachukue, hatutakuuliza. Ufunguo wa chumba cha Ahmednoor ninao mimi. Njoo mara kwa mara.

Elsie Jilo, karani