Machibya Aliyezima Mashine Yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya wiki hii, mlango wa mashine ya kusaga ya Migato ulikuwa umefungwa. Wasikilizaji wapendwa, mwenye mashine, Mzee Machibya Bundala, alikuwa amefariki alfajiri ile. Alikuwa na miaka sitini na nne.

Kijiji cha Migato kiko mwisho wa laini ya umeme. Umeme unafika ukiwa mdogo. Mashine ya Machibya na friji ya chanjo ya zahanati zilitegemea transfoma moja. Mashine ikiwaka, friji inazima. Narudia: mashine ikiwaka, friji inazima.

Miaka mitatu iliyopita, nesi Asumini aliingia na boksi la chanjo zilizoharibika, akalibwaga juu ya mashine.

"Baba Esteria, nimeleta mzigo wangu. Saga."

Machibya alizima mashine.

Tangu siku hiyo aliizima kila siku, saa sita mchana hadi saa kumi, saa za joto kali. Kina mama walikaa na madebe yao ya mahindi, wakimtania.

"Machibya, siku hizi umeajiriwa na friji?"

"Ndiyo, mayu, mama yangu. Na bosi wangu hapendi joto."

Wateja wengine walihama. "Mama alikasirika," anasema bintiye, Esteria. "Baba akamuuliza tu, 'Wajukuu zako wamechanjwa wapi?'"

Mwaka jana alihudhuria mkutano wa nishati hapa Bariadi. Mtoa mada alisema nchi ina umeme wa ziada. Machibya akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, hiyo ziada iko upande gani? Tuje na madebe."

Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka. Aliiombea zahanati transfoma ya peke yake. Aliandika barua nne.

Kwa Mama Maximiliana, mjane wake, kwa Esteria na ukoo mzima, poleni sana. Nasi wa mjini, tunapowasha taa leo, tuwafikirie walio mwisho wa laini.

Jana Alhamisi, saa tisa alasiri, lori lilishusha transfoma mbele ya zahanati ya Migato. Fundi alimwita mwombaji, Machibya Bundala, asaini kuipokea.

Maximiliana alisogea mbele. "Tumemzika juzi," alisema. "Lete kalamu, baba."

Alisaini.