Mama Mabuu na Siku Tatu za Sisimizi

Baada ya kulisha mabuu kwa miaka thelathini na miwili, fundi mkuu wa chumba cha wadudu anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Jina lake kamili limo kwenye orodha ya watumishi. Sisi wengine tunamjua kama Mama Mabuu.

Aliajiriwa kufagia. Mwezi wake wa pili kazini alimweleza mtafiti mmoja, kwa heshima zote, kwamba majani anayowapa mabuu ni ya juzi na hata yeye asingeyala. Akaambiwa awalishe mwenyewe. Ufagio hakuurudia tena.

Kwa wasiomjua buu wa mbawakawa: hana mbio, hana meno ya maana, ana mgongo tu. Akiguswa, hutoa mgongoni mistari miwili ya matone yenye harufu kali ya dawa, na sisimizi hugeuza njia. Hatari ikipita, huyafyonza tena, maana si mtu wa kutupa mali. Mama Mabuu aliyakusanya matone hayo kwa mirija myembamba, moja moja, na tafiti kumi na nne za idara hii zimetokana nayo. Mumewe, kwa upande wake, ameliruhusu koti la kazi, lenye harufu hiyo, lifike kwenye kamba ya nguo nje, si zaidi.

Miaka kumi na tisa iliyopita tulipata wageni wakubwa. Mfanyakazi mmoja mpya, aliyekuwa bado kwenye kipindi cha majaribio ya kazi na mwenye njaa ya sifa, aligawa pamba ili kila mgeni apanguse mgongo wa buu na kunusa. Wageni walifurahi sana. Tone lililopanguswa huchukua siku kadhaa kurudi, jambo ambalo mfanyakazi huyo hakulijua wala hakuliuliza. Kesho yake sisimizi walikuwa wameingia, na nusu ya mabuu hawakuwapo.

Mama Mabuu alivuta kigoda. Kwa siku tatu aliwaondoa sisimizi mmoja mmoja kwa brashi ya rangi, hadi migongo ilipojaa. Mabuu wote tulio nao leo ni uzao wa wale waliobaki.

Ripoti yake ilikuwa fupi: sisimizi waliingia. Uongozi ulipouliza nani amezembea, alijibu kwamba chumba ni chake. Akapewa barua ya onyo, na cheo alichokitarajia mwaka ule kikachelewa miaka sita. Kwa yule mpya alisema tu kwamba kuuliza si ujinga, akampa vizimba vya kusafisha.

Yule mpya ndiye mwandishi wa wasifu huu, na sasa ni naibu mkuu wa idara. Ameona aibu kwa miaka kumi na tisa bila kufungua mdomo. Jumatatu aliufungua mbele ya uongozi. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili, na mahali pake umewekwa ukurasa huu, wenye sahihi yangu.

Asante, mama. Raha na afya visikupungukie huko uendako. Nisamehe.